Sharubati ya Macho

Kuku ukimshika anapiga kelele. Mbuzi analia. Hata samaki, enzi zile za samaki, alikuwa anarukaruka kidogo kukuonyesha kwamba hajalipenda jambo lenyewe. Konokono hafanyi lolote. Unamng'oa ukutani kwa vidole viwili, anatoa sauti kama busu la mlevi, halafu anakutazama kwa vile vijiti vyake vya macho huku povu linamtoka. Basi. Hicho ndicho kinachonishinda.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimezama hadi magotini ndani ya Shimo la Pili, pale vyoo vya Kondoa nzima vinapomwaga. Mimi, Athumani Ntandu, mwenye diploma ya teknolojia ya chakula, nachuma konokono ukutani kama mtu anachuma mapera.

"Athumani!" Dokta Koku, bosi wangu wa maabara, aliniita kutoka juu. Alikuwa amebana pua na kitambaa, kwa hiyo jina langu lilitoka kama la mtu mwenye mafua. "Ndoo zimejaa?"

"Zimejaa hadi zinatembea, dokta. Ukichelewa utazikuta sokoni."

"Acha masihara. Watu wameshapanga foleni."

"Waambie mpishi anaoga."

"Unaoga?"

"Hapana. Lakini waambie."

Ute ulikuwa umeshapenya kwenye tundu la glavu. Nikiinua mkono unavutika kutoka kidoleni hadi kwenye ndoo, haukatiki, kama mlenda uliolala. Mimi ni mtu wa huku, nimelelewa kwa mlenda. Toka nianze kazi hii, Zamda mke wangu akitenga mlenda mezani natoka nje najifanya napigiwa simu.

Nikapandisha ndoo, nikapanda ngazi, bega likagonga nguzo ya mlango. Niligonga nguzo hiyo kila siku. Ilikuwa imekaa pale pale miaka yote, mimi ndiye niliyekuwa siioni tena ikinijia kutoka ubavuni.

"Mlango umehama," nikamwambia dokta. Hakucheka.

Kazi yenyewe iko hivi. Konokono wanamwagiwa maji ya moto, wanaachia kila walichokuwa nacho tumboni, na walichokuwa nacho tumboni ni cha mji mzima. Unachuja. Unachemsha tena, unachuja kwa kitambaa kizito, unapunguza maji kwenye moto mdogo mpaka yabaki ya kijivu, yanavutika kidogo, yananuka kama soksi iliyofia kiatuni. Ndani ya maji hayo kuna taurini. Unatia rozela yawe mekundu, tangawizi yawashe, sukari yasameheke. Unayaita sharubati ya macho.

Taurini ni asidi ya amino, jamaa wa zile chembe zinazojenga protini, ila huyu hajengi, huyu ni askari. Nyuma kabisa ndani ya jicho kuna ngozi nyembamba inayopokea mwanga, na mwanga ukiuacha bila askari unaiunguza ngozi hiyo kama jua linavyounguza turubai. Zamani watu walimpata askari huyu kwenye nyama, dagaa, supu, wala hawakumjua jina. Halafu mvua zikakata, ng'ombe wakaisha, ziwa likawa tope, tukaletewa mbegu ya tumbo.

Mbegu ya tumbo tuliinywa wote, tukaishangilia. Ni vijidudu vilivyotengenezwa maabara. Vinakaa kwenye utumbo, vinakuwezesha kula bua la mtama kama ng'ombe. Tukasaga mabua, tukasonga ugali wa mabua, njaa ikakoma, watoto wakanenepa. Kumbe vijidudu vile vinapenda kitu kingine kuliko mabua. Vinaivizia taurini kwenye nyongo, vinaila, na mabaki vinayageuza hewa ya mayai viza. Ndiyo maana siku hizi mtu akitaka kucheua anageukia upepo unakokwenda, na msikitini feni inawashwa kabla ya adhana. Dokta Koku alipopima akatueleza kwa lugha yake ndefu. Mimi nikaifupisha kwa lugha ya foleni: kila ushuzi unaousikia Kondoa ni jicho la mtu linaondoka.

Macho yalianza kufa wakati wa magharibi, jua likizama tu mtu haoni mkono wake. Halafu yakafa pembeni, unaona mbele kama unayechungulia kwenye bomba. Tukafunga kamba kutoka nyumba hadi nyumba, hadi kisimani, hadi msikitini. Unga wa taurini ulikuwa unaletwa na malori kutoka Dar. Malori yakaacha kuja. Kutoa vijidudu tumboni hatuwezi, tutakula nini? Hapo ndipo Dokta Koku aliposhuka Shimo la Pili na tochi, akapanda juu na konokono mkubwa kama ngumi, na uso wa mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Wananchi waliambiwa ni mwani wa Tanga.

"Dozi yako," dokta akasema, akanipa kikombe. Wafanyakazi tunakunywa kwanza.

Nikapokea, nikaweka mdomoni, nikaitikia kwa kichwa kumwonyesha kwamba mambo safi, nikazunguka nyuma ya tangi, nikatema. Kama kila siku. Nilijaribu kweli kumeza, wallahi. Lakini mimi ndiye ninayewang'oa ukutani. Koo langu linajua kila kitu ninachokijua mimi.

*

Foleni ilikuwa ndefu, inazunguka kibaraza. Wanawake na vikombe vyao, watoto mbele wanasukumana, wazee wengine bado wameshika kamba kwa mazoea tu. Mimi nagawa kwa upawa, nimevaa koti jeupe juu ya nguo zile zile za shimoni.

"Leo rangi imekolea," mzee mmoja akasema.

"Mwani umeiva, babu."

"Mwani unaiva?"

"Huu wa Tanga unaiva. Una jeuri ya pwani."

Watu wakacheka. Ni rahisi sana kudanganya watu wanaocheka.

Halafu akafika Bi Mwantumu, mama mkwe wangu. Kwetu mkwe na mama mkwe hatutazamani usoni. Hatuli pamoja, hatunywi pamoja, akiwa anakula mimi niko nje, na nikiwa nakula yeye hata mlangoni hapiti. Ni heshima. Akisimama mbele yangu anasimama upande upande, kanga imeshuka hadi kwenye nyusi, nami naongea na kikombe chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba Nasra. Umeamkaje?"

"Salama. Macho je?"

"Macho, namshukuru Mungu. Jana nimechambua choroko mwenyewe. Nimetoa mawe yote, hata kajiwe kamoja Zamda hakukaona, mimi nilikaona."

Furaha niliyoipata, acha tu. Mama huyu kabla ya sharubati alikuwa anapapasa ukuta kwenda kuswali. Siku ya kwanza kabisa ya foleni alikuwa ameniuliza mimi, si mwingine, "Mwanangu, hiki kitu ni halali?" Nami nikajibu, nikiongea na kikombe chake, "Ni mwani, mama." Akasema bismillahi, akanywa.

Nikamjazia. Hakunywa. Kwa kuwa siruhusiwi kumtazama, nikatazama mkono wake. Mkono ulikuwa umeganda.

"Leo nitanywea nyumbani," akasema. Akafunika kikombe na pindo la kanga. "Na wewe ukimaliza uje. Baada ya alasiri."

"Kuna tatizo, mama?"

"Uje."

Akaondoka akipita katikati ya kibaraza, haraka haraka, bila kugusa kamba.

Nilipovua koti ndani nilimkuta. Mdogo, wa juzi juzi tu, gamba lake bado linaonyesha tumbo jeusi ndani, ametulia juu ya bega la kushoto la koti. Nyuma yake njia ya ute iliyokauka ikimeta kutoka kiunoni hadi shingoni. Alikuwa ametembea juu yangu asubuhi nzima mbele ya watu wote hao, na wazee wa kamba hawakumwona. Aliyemwona ni mwenye macho mazuri kuliko wote.

*

"Mwambie ni bahati mbaya," Dokta Koku akasema. "Konokono wanapanda popote."

"Dokta, kiangazi hiki? Nchi imekauka hivi, konokono atoke wapi? Kashuka na malaika?"

Alikuwa anaosha vyombo vya maabara, ananipa mgongo. Yeye ni mama wa Bukoba, hodari, haogopi kitu. Wakati mwingine nilimwonea wivu.

"Sijui kwa nini mnalifanya hili jambo kubwa hivi," akasema. "Kwetu tunakula senene. Mdudu ni mdudu."

"Senene namheshimu. Senene hajawahi kuishi chooni. Na wewe hukuniuliza kama mimi ni mtu wa senene, ulinipa upawa tu."

"Ukauchukua."

Kweli niliuchukua.

Akageuka, akifuta mikono. "Watoto wa chekechea pale chini walikuwa wanashikana mashati kwenda chooni, mchana kweupe, kama treni ya vipofu. Umewaona juzi? Wanacheza rede. Mtoto anaukwepa mpira unaotoka ubavuni. Anauona! Sasa niende nikawaambie mama zao nini?"

"Ukweli."

"Ukweli hauna taurini ndani yake, Athumani."

Mimi si mtu wa kukosa neno. Lakini niliwaona wale watoto, na binti yangu Nasra akiwa kati yao anarusha mpira na kupiga kelele, nikajiona mtu mbaya nikisema na mtu mbaya nikinyamaza, na harufu ya ute bado ipo kwenye kucha.

"Ukifungua mdomo kwenye ile foleni," dokta akasema, taratibu, bila hasira, "nusu yao hawatarudi. Uchague ni watoto wa nani wapofuke."

*

Nyumbani kwa Bi Mwantumu nilipiga hodi, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango kama inavyotakiwa, uso nimeuelekeza nje. Yeye alikaa upande wa pili wa pazia. Kwenye sakafu, katikati yetu, kile kikombe, kimefunikwa na kisahani.

"Baba Nasra."

"Naam, mama."

"Nitakuuliza mara moja. Usinifanyie mzaha."

"Sawa, mama."

"Nini hiki?"

Nilifungua mdomo nikausikia ukitafuta neno mwani peke yake, kwa mazoea. Nikaufunga. Nikaufungua tena.

"Konokono."

Pazia halikutikisika. "Kiangazi hiki hakuna jani hata moja. Wanakula nini?"

"Mama, wanachemshwa sana, wanachujwa kwa—"

"Wanakula nini?"

"Cha shimoni, mama. Shimo la Pili."

Akasimama. Nilimsikia akipita mlango wa nyuma, halafu nikamsikia uani. Alitapika mpaka pakawa hamna cha kutapika, akaendelea. Mimi nimekaa kwenye kigoda changu, siruhusiwi kwenda kumshika, natazama kikombe chenye kisahani juu. Nilichukia konokono, nikachukia rozela, nikachukia ule upawa, na zaidi ya vyote niliichukia ile sauti yangu nzuri ya kwenye foleni.

Aliporudi alikuwa amesukutua, maji yanamchuruzika kwenye kanga. Hakurudi nyuma ya pazia. Alikaa upande wangu, ananitazama usoni. Sijawahi kuona macho ya mama mkwe wangu kwa karibu hivyo. Yalikuwa mekundu, na yalikuwa yanaona vizuri sana.

"Mama," nikasema, "naamini hata shehe angesema ni dharura. Mtu akiwa na—"

"Dharura!" Alipiga goti lake kofi. "Dharura unanifundisha mimi? Mtu ana njaa porini, amekutana na mzoga, anakula, Mungu hamuulizi. Lakini anajua ni mzoga! Anaushika mwenyewe, anaona kinyaa mwenyewe, anasema Ewe Mola unaniona nilivyo. Mwenye dharura ndiye anayeamua, baba Nasra. Wewe umenipa mzoga ukaniambia mbuzi, nami nimekaa hapa kila siku nasema bismillahi juu ya kinyesi."

"Nisamehe, mama."

"Ungeniambia, pengine ningekunywa. Sijui. Hukunipa nafasi ya kujijua."

Nikainamisha kichwa. Nilidhani amemaliza.

"Na wewe hunywi," akasema.

"Mama?"

"Hunywi. Konokono anatembea begani mwako asubuhi nzima na huna habari. Huoni pembeni. Anayekunywa angeona."

Hapo sikuwa na pa kwenda. Ningeweza kusema nimeanza kunywa juzi. Ningeweza kusema mengi.

"Naona kinyaa," nikasema.

Akacheka. Kicheko kifupi, kibaya, kama mtu aliyekanyaga kitu. "Wewe unaona kinyaa! Kinyaa chako umekitunza vizuri, changu ukakifanyia maamuzi." Akasukuma kikombe kwa kidole, kikafika kwenye vidole vyangu vya miguu. "Kunywa."

"Mama, mbele yako? Mila…"

"Mila ipi? Iliyobaki ni ipi? Kunywa."

Nikaondoa kisahani. Kilikuwa kimekaa tangu asubuhi, rozela imetuama chini, juu kuna utando wa kijivu unaotetemeka. Nikainua. Kitu kile hakimwagiki mdomoni kama maji, kinateleza chote kwa pamoja, kinakuja na mkia. Tangawizi ikafika kwanza, halafu sukari, halafu nyuma yao, polepole, Shimo la Pili lenyewe. Nikaliona shimo, nikaziona kuta zinazometa, nikamwona yule mdogo wa begani na tumbo lake jeusi. Nikameza. Machozi yakanitoka, mate yakanijaa, nikajishika mdomo kwa mikono miwili ili kisirudi, na kwa kuwa sikuwa na mkono wa tatu, nikacheua mbele ya mama mkwe wangu, mayai viza kamili, wala sikuwahi kugeukia upepo.

Bi Mwantumu alijifunika pua na kanga. Alingoja hewa ipite.

"Haya," akasema. "Sasa nimejua kwamba wewe mwenyewe unaamini ni dawa. Kesho utawaambia foleni nzima."

"Wataondoka, mama."

"Waondoke wanajua."

"Na watoto?"

Alikunja na kukunjua pindo la kanga. "Nasra wangu yumo," akasema mwishoni. "Usidhani sijafika huko. Nimefika huko kabla yako. Sina jibu. Lakini jibu si kuwafanya wote watoto wako."

*

Sikumwambia mtu nyumbani. Nilitaka, lakini Zamda alikuwa anamsuka Nasra na Nasra alikuwa anahesabu nyota kwa sauti kupitia dirishani, anamwonyesha mama yake zile ndogo ndogo. Nikatoka nje nikajifanya napigiwa simu.

Asubuhi nilipanda kibarazani kabla Dokta Koku hajamaliza kufungua madirisha. Bi Mwantumu alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nyuma yake alikuwa Zamda, amemshika Nasra mkono, na nyuma yao Kondoa.

"Ndugu zangu," nikasema. "Leo sina mzaha."

"Leo kuna nini, mwani umekwama barabarani?" mtu akapiga kelele, wakacheka.

"Hakuna mwani. Haukuwepo hata siku moja."

Nikawaambia. Niliwaambia jina la mnyama, nikawaambia anakoishi, anachokula, anavyochemshwa. Niliwaambia pia kwamba inafanya kazi, kwamba macho yao wameyaona wenyewe, kwamba wakiacha giza litarudi. Nadhani hilo la mwisho hawakulisikia. Mwanamke mmoja alikuwa ameshainama ukingoni mwa kibaraza anatapika, na kutapika ni kitu cha kuambukizana, wawili wakamfuata, halafu wazee, halafu kukawa na sauti hiyo tu. Kikombe kikanipita sikioni. Nilisikia upepo wake, sikukiona.

"Mchawi wewe!"

"Umetulisha mavi! Na watoto wetu!"

"Na Ramadhani tumefuturu nayo hii! Athumani, tumefuturu nayo!"

Hilo liliniuma kuliko kikombe.

Foleni ikaanza kuvunjika. Mwalimu Kimolo, baba wa mabinti wawili, aliwashika mmoja kila upande akawa anawavuta. Yule mdogo alikuwa anageuka nyuma anatazama sufuria, na mwingine tayari ameshika shati la baba yake, kama wanajua wanakokwenda. Niliwatazama mpaka wakatoka kwenye bomba langu la kuonea.

Dokta Koku alikuwa mlangoni, mikono imening'inia. Hakunifukuza kazi.

"Daktari," Bi Mwantumu akaita. Hakuwa ameondoka mahali pake. Uso wake ulikuwa wa kijivu, kikombe amekishika kifuani. "Njoo hapa nikuulize."

Dokta akaja.

"Kiasi gani ndicho cha mwisho kabisa? Sitaki jicho lipone. Nataka lisizimike. Kiasi gani?"

Dokta Koku alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, midomo inahesabu. "Nusu kikombe," akasema. "Kwa umri wako, nusu. Chini ya hapo sikudanganyi, halitasaidia."

"Basi nusu. Kilichoruhusiwa kwa dharura ni kile kinachotosha dharura. Kinachozidi ni ulafi wa uchafu." Akanisogezea kikombe. "Tia. Usivuke."

Nikatia nusu. Akafumba macho, akasema maneno yake na Mola wake kwa sauti ya chini, sikuyasikia wala hayakuwa yangu. Akanywa kwa mkupuo. Mwili mzima ulimkataa, mabega yakaruka, shingo ikatoka mishipa. Alisimama hivyo, amebana mdomo kwa kiganja, mpaka kikashuka.

"Kichafu," akasema, akapangusa midomo. "Kichafu, kichafu." Akasogea pembeni.

Nyuma yake Zamda alikuwa amebaki pale pale. Alikuwa ananitazama kama anayekitazama kitu alichokikuta ndani ya kiatu.

"Na mimi uliniambia mwani," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza kwa nini koti linanuka. Ukasema mwani."

"Ndiyo, mama Nasra."

"Tutaongea." Alisema polepole sana, nikajua kweli tutaongea, na kwamba sitachekesha mtu siku hiyo. Akatazama sufuria. Akamtazama mama yake, anayehema ukutani. Nyuma yao foleni iliyobaki ilikuwa fupi, kila mtu anangoja kuona mwenzake anafanya nini.

"Mama," Nasra akauliza, "nisinywe?"

Zamda alinyoosha mkono achukue kikombe cha mtoto, akasita, akaurudisha. Akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa Nasra.

"Nasra, sikiliza. Hii ni supu ya konokono. Wanaishi kwenye choo. Ni kitu kibaya sana, na baba yako alitudanganya. Ila ukinywa, utaendelea kuziona zile nyota ndogo. Usipokunywa, zitapotea, na mimi sitakupiga. Umesikia?"

Nasra alinitazama mimi, akatazama sufuria, akakunja uso wote mpaka pua ikapotea. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akifikiri kitu.

"Naweza kubana pua?"

"Bana, mama. Bana kabisa."

Akabana pua kwa vidole viwili, akaninyooshea kikombe chake.